Ajali ya usiku inapikwa mchana

Sekunde 64. Naomba tuanzie hapo kwasababu hii namba imenikaa kichwani miaka mingi na kila ndege ikianguka usiku inanirudia. Tarehe 6 Agosti 1997, saa 7 na dakika 42 usiku kwa saa za Guam, kisiwa cha Marekani kilichoko bahari ya Pasifiki, Boeing 747 ya Korean Air iliyotoka Seoul na watu 254 iligonga kilima kinaitwa Nimitz Hill, kama kilomita 5 na kidogo kabla ya kuifikia ranwei, yaani njia ya kutulia ndege, na watu 228 wakafa. Ndege ilikuwa nzima kabisa. Injini zote 4 zinafanya kazi, hakuna bomu, hakuna moto, matairi yameshatolewa, abiria wamefunga mikanda wanasubiri kushuka, wengi wao familia zilizokuwa zinaenda likizo na watoto. Na sekunde 64 kabla ya kugonga kuna kompyuta pale chini Guam ilitakiwa ipige kelele kwenye chumba cha waongoza ndege kwamba hii ndege iko chini mno. Haikupiga. Na sio kwamba ilikuwa imeharibika, ni kwamba kuna watu miaka michache kabla walikaa nayo mchana kweupe wakaiambia inyamaze.

Hiyo ndo sababu naandika hii makala. Kila ajali ya aina hii ikitokea mjadala unakimbilia kwa rubani, alikuwa anafanya nini, alilewa, alilala, hakusikia, na baada ya wiki mbili tumeshapata mtu wa kumbebesha na tunaendelea na maisha. Mimi nadhani tunaangalia saa isiyo yake. Ajali inatokea usiku lakini inapikwa mchana, inapikwa na watu wenye vikombe vya kahawa ambao hawako ndani ya ndege, na wengine hawana hata nia mbaya.

Tuelewane kwanza kutua usiku ni kitu gani. Mchana rubani akitoka kwenye wingu anaona kilima, anaona bahari, anaona mapaa ya nyumba yanakua, mwili wake wenyewe unamwambia uko juu au uko chini. Usiku hivyo vyote vinafutwa zinabaki taa, na taa zinadanganya. Kuna kitu marubani wanaita shimo jeusi, yaani unakuja kutua ukipita juu ya bahari au msitu usiokuwa na taa hata moja, mbele kabisa unaiona ranwei inawaka peke yake gizani, alafu jicho linakwambia uko juu kuliko ulivyo, unashuka, na kadri unavyoshuka picha inaonekana iko sawa tu mpaka unagusa miti. Boeing miaka ya 60 walikuwa na mwanasaikolojia anaitwa Conrad Kraft, yeye alilipima hili jambo kwenye simuleta, ile mashine ya kuigizia kurusha ndege, akawawekea marubani wazoefu mji wa taa usiku, na watu wenye uzoefu mkubwa wakashuka chini mno huku roho zao zimetulia.

Kwa hiyo usiku rubani anaazima macho. Anaazima kwa mitambo ya redio iliyoko ardhini, anaazima kwa mwenzake wa kiti cha pembeni, anaazima kwa mwongoza ndege aliyekaa mbele ya rada. Na kitu cha kuazima kina mwenyewe. Yule mwenyewe akiamua kukifunga, au kukipeleka matengenezo, au kukipunguza sauti kwasababu kinamsumbua, aliyeazima anabaki gizani na mara nyingine hata hajui kama amebaki gizani.

Sasa turudi Guam tuangalie macho yaliyoondoka moja baada ya jingine.

Mtambo wa kutulia ambao wengi wanaujua kwa herufi ILS una sehemu mbili kubwa. Moja inakuelekeza kushoto na kulia, inaitwa lokalaiza, nyingine inakuelekeza juu na chini, inaitwa glaidislopu, hii ndo inakuchorea mteremko hewani ukaushika kama reli mpaka kwenye ranwei. Usiku ule lokalaiza ilikuwepo, glaidislopu ilikuwa imezimwa kwa matengenezo. Taarifa ilikuwa imetolewa, marubani walikuwa nayo, na mwongoza ndege akiwaruhusu kuja kutua aliwaambia pia kwamba glaidislopu haitumiki. Lakini ruhusa yenyewe kwa jina ilikuwa ni ya ILS, kwasababu ndo jina lililoandikwa kwenye chati, na rubani msaidizi akijibu akarudia ruhusa bila kuitaja ile glaidislopu. Ukisikiliza mazungumzo yao kwenye ile rekodi ya chumba cha marubani (nimesoma maandishi yake mara nyingi kuliko nilivyotaka) unaona wanaanza kuulizana, inafanya kazi au haifanyi, mmoja anasema inafanya, mwingine anasema haitumiki. Uchunguzi ukaona uwezekano kwamba mawimbi mengine ya redio yaliitingisha ile sindano ya glaidislopu mbele yao, ikaonekana kama ina uhai. Kwa hiyo unamkuta mtu amechoka, ni usiku, kuna mvua kwenye kilima, na kifaa alichoambiwa kimekufa kinamkonyeza.

Bila glaidislopu unashuka kwa ngazi. Unakaa futi 2,000 mpaka sehemu fulani, unashuka futi 1,440 unakaa hapo mpaka upite kituo cha redio kilichoko juu ya Nimitz Hill, ukishakipita ndo unaruhusiwa kwenda 560. Sasa hapa kuna jambo linaniuma. Kile kifaa cha kupima umbali, DME, hakikuwa uwanjani. Kilikuwa kwenye kilima, hapo hapo kwenye kituo cha redio, maili 3 na kidogo kabla ya ranwei. Marubani wamezoea viwanja vingi ambako kifaa kikisoma sifuri manake umefika. Guam kikisoma sifuri manake uko juu ya kilima. Wachunguzi wa NTSB, hawa ndo wachunguzi wa ajali wa Marekani, waliona kwamba huenda kapteni aliamini yuko karibu na uwanja kuliko alivyokuwa, na hakuisimamia ngazi ya 1,440, akaendelea kushuka, na wenzake wawili hawakumzuia. Ndege ikagonga jirani kabisa na kile kituo cha redio.

Kilima hakijajificha, kiko kwenye chati. Lakini kampuni ilikuwa na video ya kuwatambulisha marubani uwanja wa Guam, na ile video ilisisitiza kutua kwa kuangalia kwa macho kana kwamba utakuta anga limekaa wazi. Na mazoezi ya simuleta ya kutua bila glaidislopu yalikuwa hayana aina nyingi, mtu anarudia hali ile ile mpaka anaikariri, alafu siku maisha yanamletea DME iliyoko kilimani anaicheza kama ile aliyoikariri. Nani alipika hilo? Sio kapteni. Kapteni alishafika Guam kabla, na miezi michache nyuma alikuwa amepewa tuzo ya usalama kwa jinsi alivyookoa ndege iliyopoteza injini ikiwa chini. Hatuongelei mtu mzembe hapa.

Tuongelee na usingizi. Kwenye ile rekodi kapteni anasikika akilalamika kuhusu ratiba, kwamba kampuni inawatumikisha mpaka mwisho wa uwezo, na baadae anasikika akisema ana usingizi kweli kweli. Nikisoma hiyo sehemu huwa nasimama kidogo. Mtu anakwambia kwa mdomo wake mwenyewe, kinasa sauti kipo kinarekodi, na hakuna mtu wa kumsikia isipokuwa wachunguzi watakaokuja kufukua kifusi. Alafu rukia mbele miaka 12, tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan inakuja kutua Buffalo usiku, inapoteza mwendo, rubani anavuta usukani nyuma badala ya kusukuma mbele, watu 49 ndani na 1 kwenye nyumba chini wanakufa. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kama abiria kutoka Seattle ili awahi kazini, kapteni alilala kwenye chumba cha mapumziko cha wafanyakazi. Ndo baada ya hapo Marekani ikaandika upya sheria za kupumzika kwa marubani, zikaanza kutumika 2014, na hata hizo zikawaacha nje marubani wa ndege za mizigo, kana kwamba mwili wa anayebeba maboksi unalala tofauti.

Sasa najua kuna maelezo ya Guam ambayo watu wanayapenda sana, kwamba Wakorea wanaogopa wakubwa, kwamba rubani msaidizi aliiona hatari lakini adabu ikamziba mdomo, kwa hiyo watu 228 wameuawa na utamaduni. Nakubali kuna punje ya ukweli, wale wawili walitakiwa waseme mapema na kwa nguvu, sauti ya kuahirisha kutua ilitoka kama sekunde 6 tu kabla ya kugonga wakati kilima kimeshafika. Kampuni yenyewe baadae ilibadilisha sana jinsi ya kuwafundisha marubani kufanya kazi pamoja, na ilisaidia. Lakini haya maelezo yananipa wasiwasi kwa namna yanavyotupumzisha. Ukishasema ni utamaduni wao manake sisi wengine tuko salama, na ile kompyuta iliyonyamazishwa, ambayo haikuwa ya Wakorea, ilikuwa ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, inabaki pembeni haina anayeiuliza.

Na kama ni adabu ya Asia ndo inayoangusha ndege usiku nieleze Miami. Tarehe 29 Desemba 1972, saa 5 na dakika 42 usiku, ndege mpya kabisa ya Eastern, Lockheed L-1011, inakuja kutua, taa ndogo inayoonyesha tairi la mbele limefunga haiwaki. Wanaahirisha kutua, wanapanda futi 2,000, wanaweka otopailoti, wanazunguka juu ya kinamasi cha Everglades ambako usiku hakuna taa hata moja, na wote waliomo kwenye kile chumba, Wamarekani watupu, wanahangaika na globu. Otopailoti inaachia kimo kidogo kidogo hakuna anayeona. Pale chini mwongoza ndege anaangalia rada yake anaona futi 900. Fikiria, ameiona. Na anachofanya ni kuwauliza kwa upole mambo yanaendaje huko. Wanamjibu tunageuza tunarudi, anawaruhusu, kwasababu rada za wakati ule zilikuwa zinaonyesha namba za ajabu mara kwa mara na yeye akadhani ni zile zile. Watu 101 wakafa kati ya 176. Hakuna aliyeandika kuhusu utamaduni wa Wamarekani wa kutoangalia kimo.

Kilichofanyika badala yake ni kitu cha maana. NTSB wakasema huyu mwongoza ndege asiachwe ajitegemee na mashaka yake, rada ipewe akili ya kujua ndege hii imeshuka chini ya kimo salama na ipige kelele yenyewe. Ndo ukazaliwa mfumo unaoitwa MSAW, ukaanza kuwekwa kwenye viwanja vya Marekani katikati ya miaka ya 70. Yaani watu 101 wa kinamasini walinunua kile king'ora.

Na king'ora hicho hicho ndo kilichofungwa mdomo Guam.

Ilikuwa hivi. MSAW iliwekwa Guam 1990, na kisiwa kile kwa vilima vyake na jinsi ndege zinavyokuja ikawa inapiga kelele nyingi za bure. Yeyote aliyewahi kufanya kazi na mashine inayolia hovyo anaelewa, ikilia mara ya kumi bila sababu mara ya kumi na moja huinui hata kichwa. Kwa hiyo FAA wakabadilisha programu, wakaiambia isitoe tahadhari ndani ya maili 54 kutoka kwenye rada. Rada yenyewe ilikuwa imepangiwa kulinda maili 55. Ukitoa, kinabaki kipete chembamba cha maili 1 kuzunguka kisiwa, huko baharini ambako hakuna kilima wala ndege inayotua. King'ora kilibaki kinahesabika kuwa kipo, na kilichokuwa kinalindwa ni maji.

Mwaka 1995 ukaguzi wa FAA wenyewe ukaliona hilo na ukaliandika, hakuna kilichobadilika. Programu ikaboreshwa tena baadae, na ile maili 54 ikahamia kwenye toleo jipya kama urithi. Hapo ndo napopaita jikoni. Hakuna dharura, hakuna giza, hakuna mvua, kuna muda wote duniani, kuna karatasi inayosema king'ora kimezimwa, na karatasi inaingia kwenye faili. Baada ya ajali wakairudisha ile programu ilivyotakiwa kuwa wakaijaribu na njia ya ile ndege, ndo ikatoka ile namba, sekunde 64, na NTSB wakaona muda huo ungetosha kwa mwongoza ndege kulipiga mayowe hilo jambo na marubani kunyanyua pua. Kwenye ripoti yao ya Januari 2000 waliandika kosa la kapteni, wakaandika wenzake wawili kushindwa kumsimamia, wakaandika uchovu na mafunzo hafifu ya kampuni, na wakaandika kwa maneno ya wazi kwamba FAA ilikizuia kile kifaa kwa makusudi. Kwa makusudi. Mimi sijui ripoti ngapi za ajali zina hilo neno likiielekea mamlaka ya serikali yake.

Usiku wenyewe waongoza ndege hawakujua kitu. Ndege ilikuwa imesharuhusiwa kutua, ikawa haionekani, wakawa wanaiita haijibu. Taarifa ya kwanza ya maana ilitoka kwa ndege nyingine iliyokuwa angani jirani, hao ndo waliosema wameona mawingu yamewaka mekundu. Watu 26 waliotoka hai walikuwa kwenye majani ya kilima wakati chini bado wanaulizana ndege iko wapi.

Mtu ataniambia sasa unamtetea rubani. Hapana. Kapteni aliivuka ngazi aliyotakiwa kuisimamia na alikuwa na sekunde kama 12 tangu mashine ya ndani ilipomtajia kimo cha mwisho, angevuta juu kwa nguvu hapo hapo angeweza kukipita kilima. Hilo ni lake na linabaki lake. Ninachokataa ni kuishia hapo. Rubani ni mtu wa mwisho kwenye foleni ndefu na kosa lake ndo linaloonekana kwasababu ndo lina damu, makosa ya mwanzo wa foleni hayana damu, yana saini na mihuri.

Na sio kwamba kunyamazisha ving'ora siku zote ni ujinga, hapa ndo jambo linakuwa gumu na sitaki kulirahisisha. King'ora kinacholia hovyo kinaua pia, kinaua taratibu kwa kumzoesha mtu kukipuuza. Waliozima Guam walikuwa na shida ya kweli. Lakini dawa ya king'ora cha uongo ni kukifundisha ukweli, kukaa chini na ramani ya vilima na njia za ndege ukakirekebisha mpaka kilie panapostahili, hiyo kazi ni ndefu inachosha na haina sifa. Kuzima kunachukua muda mfupi sana. Na kikishazimwa hakuna kinachotokea siku hiyo, wala mwezi huo, kinachokuja ni ukimya, na ofisini ukimya unasomeka kama mambo yako vizuri.

Kuna mtu mmoja aliyeichagua hiyo kazi ndefu, Don Bateman, mhandisi mzaliwa wa Canada. Yeye ndo aliyetengeneza ile mashine ya kwanza ya ndani ya ndege inayomwambia rubani ardhi inakuja. Ya kwanza ilikuwa inaangalia chini tu, kilima kikisimama mbele ghafla inachelewa. Ndo kilichotokea Colombia tarehe 20 Desemba 1995, American Airlines inakuja Cali usiku, kompyuta ya ndege imepelekwa kwenye kituo cha redio cha mbali badala ya kile walichokikusudia, ndege inageuka kuelekea mlimani, pale chini mwongoza ndege hana rada kwasababu waasi walishailipua 1992, mashine inalia sekunde chache za mwisho, watu 159 wanakufa kati ya 163. Bateman na wenzake waliona mashine inabidi ijue dunia nzima ilivyo, wakatafuta ramani za milima kila pembe mpaka wakanunua za Kisovieti baada ya ule muungano kuvunjika, wakatengeneza mashine inayoangalia mbele. Leo ndege kubwa za abiria zinayo na ajali za ndege nzima kugonga kilima zimepungua mno. Boeing ya Guam haikuwa nayo.

Kwa hiyo mtu anaweza akadhani hii hadithi imeisha, ni mambo ya miaka ya 90. Mimi nilidhani hivyo pia mpaka tarehe 29 Januari 2025.

Usiku ule, karibu saa 2 na dakika 48, ndege ndogo ya American Eagle kutoka Wichita ilikuwa inakuja kutua Washington kwenye uwanja wa Reagan. Mnara ukawauliza kama wanaweza kutumia ranwei nyingine fupi, ya 33, wakakubali, wakakata kona juu ya mto Potomac. Chini yao helikopta ya jeshi aina ya Black Hawk inafuata njia yake ya mtoni, waliomo wamevaa miwani ya kuonea usiku, wanaambiwa kuna ndege, wanajibu wameiona, wanaomba wajitenge nayo wenyewe kwa macho. Kwa macho, usiku, juu ya mji uliojaa taa za kila aina. Vikagongana kwenye futi kama 300 na watu wote 67 wakafa, 64 wa ndege na wanajeshi 3.

Maswali ya siku za mwanzo mnayakumbuka, rubani wa helikopta alikuwa na masaa mangapi, mwongoza ndege kwanini alikuwa anashika nafasi mbili. Ni ya haki. Lakini mwezi wa 3 NTSB wakatoa namba ambazo zilinifanya niwaze Guam usiku kucha. Kwenye njia ile helikopta haikuruhusiwa kupanda zaidi ya futi 200, na ndege iliyokuwa inakuja ranwei ya 33 ilikuwa inapita hapo hapo juu yake, na kila mtu akiwa amefuata sheria kikamilifu nafasi kati yao ingeweza kuwa futi 75 tu. Futi 75 ni chini ya mita 23. Hiyo ilichorwa kwenye ramani rasmi. Na kati ya Oktoba 2021 na Desemba 2024 kulikuwa na matukio 15,214 ya ndege na helikopta kukaribiana chini ya maili 1 kwa upana na futi 400 kwa kimo, 85 kati ya hayo yalikuwa ya karibu zaidi, chini ya futi 1,500 kwa upana na 200 kwa kimo. Hizo data hazikufukuliwa mtoni. Zilikuwepo kwenye kompyuta siku zote, zinaongezeka mwezi baada ya mwezi.

Hata ving'ora vya ndani ya ndege vilikuwa na mipaka yake. Mfumo wa kuzuia kugongana uliwaambia marubani wa ile ndege kuna kitu jirani, kama sekunde 19 kabla, lakini ile sauti ya pili inayotoa amri ya panda au shuka inazimwa kwa mpango ndege ikiwa karibu na ardhi, kwa sababu nzuri kabisa, hutaki mashine imwamuru mtu kushuka akiwa kwenye futi 300. Sawa. Ila ukishajua kwamba hapo chini king'ora hakitoi amri, manake hapo chini ndo ilibidi ramani iwe na huruma zaidi, na ramani iliwapa futi 75.

Naona jinsi hivi vitu viwili vinavyofanana na siwezi kujizuia. Guam king'ora kilizimwa kwa programu, Potomac kililia mara 15,214 kwa lugha ya data na hakuna aliyekuwa na kazi ya kukisikiliza. Ndo maana nasema kila kinachonyamazishwa kwenye usalama wa anga kiwe na mwenyewe, jina la mtu, tarehe ya kukirudia, na rubani anayekuja usiku ajue kabla hajaanza kushuka kwamba hapa leo jicho hili halipo. Glaidislopu ikizimwa marubani wanaandikiwa taarifa. MSAW ya Guam ilipozimwa hakuna rubani aliyeandikiwa chochote.

Baada ya Potomac ile njia ya helikopta ikafungwa sehemu inayopita uwanjani, sheria zikakazwa, nikaanza kupumua. Alafu tarehe 1 Mei 2025, miezi 3 tu baadae, ndege 2 za abiria zilizokuwa zinakuja kutua uwanja ule ule zikaambiwa ziahirishe kutua kwasababu kuna Black Hawk inazunguka jirani na Pentagon, makao makuu ya jeshi la Marekani. Kati ya Pentagon na mnara wa uwanja ule kuna laini ya simu ya moja kwa moja iliyowekwa kwa ajili ya mambo kama hayo, na baada ya tukio hilo ndo FAA wakajua haifanyi kazi. Ilikuwa imekufa tangu Machi 2022.